Sifa Ambazo Maraya Hakuziomba

Bower Hill,
3 Machi

Shangazi Verna,

Hoja yangu ni hii, nami naitanguliza mbele ya salamu ili usije ukasema niliificha ndani ya adabu: sifa zinazosomwa Bungeni juu ya mtoto aliyeonewa, bila mtoto huyo kuulizwa, ni uonevu wa pili, na huo wa pili unauzidi wa kwanza kwa sababu unapigiwa makofi na kuhifadhiwa katika Kumbukumbu Rasmi. Nitaitetea mpaka uniangushe kwa hoja, si kwa cheo wala kwa umri.

Sasa salamu. Shikamoo. Huku tu wazima kwa kiasi cha kuweza kusema tu wazima. Theluji ya Jumanne ilifunga barabara ya kanisani hadi Alhamisi, na gari la manispaa lilipofika likasukumia lundo lote mlangoni mwa Nana, kama ilivyo desturi yake. Baba bado yuko Alberta kwenye visima vya mafuta. Zamu yake inaisha katikati ya Aprili. Mama amepoteza zamu zote za asubuhi kule nyumba ya wazee, kwa sababu utakayoiona hapo chini. Nana anakusalimu na anauliza kama unakula. Ile hotuba uliyoitia fremu imefika. Ameitundika sebuleni juu ya redio, na kila anayekuja kuazima sepetu ya theluji husomewa yote, kuanzia nembo hadi sahihi.

Maraya haingii tena sebuleni kwa Nana. Hupitia mlango wa jikoni, hula akiwa amesimama, kisha huondoka.

Unajua kilichotokea Oktoba. Nitakiandika hata hivyo, kwa kuwa simu haina shahidi. Dada yangu alikuwa kwenye basi la shule, kiti cha nne. Nyuma yake aliketi Brielle Hallett, binti wa Diwani Hallett, akiwa na mkasi wa darasa la sanaa.

"Hivi hizi zikikatwa zinatoka damu?" Brielle akauliza akiinyoshea kidole misuko ya Maraya, na kiti cha nyuma kikacheka.

"Niguse uone," Maraya akasema bila kugeuka.

"Uuu, nimeogopa! Jamani, nishikeni, nimeogopa!"

Kisha akakata. Msuko mmoja, kutoka karibu kabisa na ngozi, akaunyanyua juu basi zima liuone. Maraya aligeuka akampiga mdomoni kwa chupa yake ya chai, ile ya chuma. Mdomo ukapasuka. Matokeo yake unayajua pia: Maraya alisimamishwa shule siku tano na kufukuzwa kwenye basi hadi Juni, na faili lake likaandikwa kwamba alifanya "shambulio bila kuchokozwa". Brielle aliagizwa aandike kadi ya kuomba radhi. Kadi haijafika hadi leo, lakini mwandishi wake amekuwa mwenyekiti wa kamati ya wema ya shule. Jioni ile Maraya alijikata misuko yote iliyobaki kwa mkasi wa jikoni. Tangu hapo Mama humpeleka shuleni kwa gari, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, na ndiyo maana zamu zake za asubuhi wamepewa wengine.

Sasa tuje kwako. Ulimpigia Maraya simu mwezi uliopita. Nimemwuliza ulimwambia nini.

"Alisema, 'Njoo umsikie babu yako akisomwa Bungeni.' Ndiyo nikaenda."

"Hakukuambia Brielle atakuwepo?"

"Angeniambia ningeenda?"

Basi akavaa fulana ya waridi waliyogawiwa wote kwa siku ya kupinga uonevu shuleni, akaruhusiwa siku hiyo moja kupanda gari la shule, akaketishwa katika ukumbi wa wageni. Nawe ukasimama, ukasema maneno ambayo nayanakili kutoka Kumbukumbu Rasmi: "Mheshimiwa Spika, katika Siku hii ya Fulana za Waridi, na katika Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, namkumbuka baba yangu Alden Tynes, aliyesoma katika shule ya chumba kimoja kwa sababu shule nyingine hazikumtaka. Leo mjukuu wake Maraya na rafiki yake Brielle, baada ya kutoelewana kidogo kuhusu nywele, wamekaa pamoja, wamezungumza, wamesameheana. Hapo ndipo tulipofika. Naomba wasimame, na Bunge liwapongeze."

Hawakukaa pamoja. Hawakuzungumza. Hawakusameheana. Lakini Maraya alisimama, na wewe kuliko mtu yeyote katika ukumbi ule unajua kwa nini. Katika kanisa letu, Jumapili ya kwanza ya mwezi, karani husoma orodha ya waumini, na anayetajwa husimama. Hajibu wala haulizi. Maraya amefanya hivyo tangu akiwa na miaka mitatu, Nana akimshika mgongoni asianguke. Ulimtaja, akasimama, kama alivyolelewa. Wabunge wa vyama vyote wakapiga makofi.

Swali langu ni moja. Maneno "kutoelewana kidogo kuhusu nywele" aliyaandika nani?

Wako,
Jarvis, mtoto wa kaka yako


Halifax,
18 Machi

Ndugu Mwananchi,

Asante kwa kuiandikia ofisi ya Mheshimiwa Verna Tynes, Mbunge. Maoni yako ni ya thamani kubwa kwetu. Kwa kuwa ujumbe wako unahusu THELUJI NA BARABARA, umepelekwa idara husika kwa hatua zaidi. Tunakutakia majira mema ya kuchipua.

Kwa niaba ya Mbunge

(kwa kalamu, chini:) Jarvis, karani mpya huyu, usikasirike. Nitaandika. Sh. V.


Bower Hill,
2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekasirika.

Habari za nyumbani kwanza, maana Nana amesimama nyuma yangu kuhakikisha ninazitoa. Goti lake linamsumbua. Barafu imeanza kuvunjika ghubani. Jumapili walipika samaki wa chumvi na viazi baada ya ibada, na kiti chako kikaachwa wazi, kama kawaida. Nana ameona kadi ya ofisi yako. Amesema: "Angalau theluji imeshughulikiwa." Sikujua kama anatania.

Nana ametoka. Sasa soma hili ukiwa umeketi. Mama alikata rufaa kwenye ofisi ya elimu ya mkoa mwezi wa Januari. Aliomba mambo mawili tu: faili la Maraya liandikwe ukweli, kwamba alikatwa nywele kwanza, na aruhusiwe kurudi kwenye basi. Jibu limefika Ijumaa. Rufaa imekataliwa. Nanakili aya ya tatu, neno kwa neno: "Kamati imezingatia kwamba shauri hili lilikwisha kumalizwa kwa maridhiano, kama alivyoeleza Mbunge ambaye ni ndugu wa familia, na kwamba mwanafunzi mwenyewe alisimama mbele ya Bunge kuyathibitisha."

Alisimama kuyathibitisha!

Mama aliisoma jikoni kwa sauti, Maraya akiwa anafunga viatu. Maraya hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ningekaa, ningeshinda?" Mama akaikunja barua, akachukua funguo za gari. Mimi, ambaye nimeshinda midahalo mitatu ya chuo kikuu na kutunukiwa shahada ya historia kwa daraja la kwanza, nilimfungulia mlango tu.

Unaona sasa kwamba hoja yangu haikuwa ya maneno matupu? Hotuba yako imekuwa ushahidi. Umekuwa shahidi wa upande wa pili katika kesi ya mtoto wa kaka yako, na hukuapishwa wala kuhojiwa, kwa sababu yanayosemwa mle ndani hayahojiwi nje.

Nami nimesoma gazeti la wiki iliyopita. Fedha za kuikarabati shule ya Babu zimepitishwa: paa jipya, msingi mpya, na kibao cha shaba. Katika picha wewe na Diwani Hallett mmeshika koleo moja, mmevaa kofia ngumu. Anayeongoza kamati ya ukarabati ni nani? Ni yeye. Ilipangwa lini? Mwezi wa Februari, mwezi wa hotuba yako. Mimi ni mwanahistoria; kazi yangu ni kuweka tarehe mbili kando kwa kando na kuuliza zinafahamiana vipi.

Swali la kwanza hukulijibu. Nalirudia, na la pili naliongeza: utasimama lini Bungeni kusahihisha Kumbukumbu?

Jarvis


Halifax,
24 Aprili

Mwanangu Jarvis,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na mafua, na kwa sababu barua yako niliitupa, kisha nikaiokota.

Mwambie Nana ninakula. Mwambie aende kwa daktari wa goti. Nimempangia tarehe 3 Mei na gari litakuja, asijifanye amesahau. Baba yako amefika salama? Hajanipigia. Yeye akininyamazia huwa najua nimeshtakiwa tayari. Msalimie wifi yangu. Na mwambie simu zake huwa nazipokea. Ile ya Novemba niliipokea pia, na tuliongea saa nzima. Sitaki uandike kana kwamba niliyasikia mambo haya kwa majirani.

Sasa wewe. Unaandika vizuri. Nilisoma aya yako ya kwanza nikasema, jamani, huyu tulimsomesha sawasawa. Halafu nikaendelea kusoma, nikaona umeniweka kizimbani huku umevaa joho la hakimu na viatu vya mwendesha mashtaka.

Nikuambie jambo ambalo hulijui, kwa kuwa hukuniuliza. Mwaka 1974 tulipakiwa kwenye basi la kwanza kwenda shule yao, ya Wazungu. Kulikuwa na mvulana aliyenimwagia maziwa kichwani kila Ijumaa, mwaka mzima. Dereva alikuwa ananipa taulo. Taulo tu, Jarvis. Ijumaa ikifika analiweka tayari kwenye kiti cha mbele. Nikaketi wima. Sikumpiga mtu chupa. Nilimaliza shule, nikamaliza chuo, na leo mvulana yule ananiita Mheshimiwa akitaka barabara yake itiwe lami. Utasema huko ni kunyamaza. Mimi naita kufika.

Ile shule ya baba yangu ingeanguka msimu ujao wa baridi. Nimepanda ngazi mwenyewe nikaona boriti zimeoza. Miaka kumi na minne nimeomba fedha hizo. Ikianguka, wataweka maegesho ya mashua na baada ya kizazi kimoja watasema hatukuwahi kutengwa. Hallett sikumwomba kitu, wala yeye hakuniomba kitu. Tulikuwa tunaelewana. Siasa si darasa la mdahalo. Humalizi dakika zako ukaketi, unaamka kesho uwakute watu wale wale.

Nilipenda mtoto yule aonekane. Nilitaka asimame pale juu, mweusi, ana nywele fupi zinampendeza, na watu wale wote wampigie makofi. Mimi hakuna aliyenipigia.

Na mwisho, kwa kuwa unapenda tarehe. Siku ileile ya Oktoba, kabla hajaenda nyumbani, Maraya alikutumia wewe picha ya kichwa chake. Wewe, kaka yake mkubwa, ulipokuwa bado Toronto. Ameniambia mwenyewe. Ulimjibu baada ya siku mbili. Ulimjibu nini? Mimi najua. Nataka uniandikie wewe, kwa mwandiko wako mzuri.

Usinifundishe kusikiliza.

Shangazi yako,
Verna


Bower Hill,
6 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mafua. Nana alikwenda kwa daktari. Alijifanya amesahau, dereva akamsubiri, akakubali. Baba amerejea. Amesoma jibu la ofisi ya elimu, akatoka nje kupasua kuni ambazo hatuzihitaji tena mwaka huu.

Habari ya maziwa sikuijua, na imeniuma. Lakini tazama ulichokifanya kwayo. Ulipewa taulo, ukaona taulo ndilo kipimo cha huruma, nawe miaka hamsini baadaye ukamkabidhi Maraya taulo lake mbele ya Spika. Yule mvulana alihitaji uketi wima ili aendelee. Hallett alihitaji Maraya asimame. Sioni tofauti isipokuwa ya mkao.

Unasema shule ikianguka watasahau kwamba tulitengwa. Nakubali kila neno. Lakini niambie watoto watakaopelekwa kuitembelea watafikaje. Watafika kwa basi, na katika basi hilo mtoto aliyekatwa nywele haruhusiwi kupanda. Mwongozaji atawaambia nini mlangoni? Kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani?

Hujajibu nani aliandika. Mkuu wa shule anasema alikutumia majina tu. Karani wako wa zamani anasema hotuba zako zilipita kwake, isipokuwa hii. Ninauliza kwa mara ya tatu.

Nana ameanza kuishuku hotuba yako. Juzi alimwuliza Maraya, "Mbona hukai na sisi sebuleni, mama? Redio inakukera?" Maraya akasema, "Siyo redio, Nana." Nana akaitazama ile fremu. Hakuishusha, wala hajamsomea mgeni tangu siku ile.

Jarvis


Halifax,
17 Mei

Jarvis,

Hujaandika ulichomjibu Maraya. Nimeona. Nami sitasubiri.

Nimeiandika mwenyewe. Nilikaa mezani kwangu Jumapili, kabla ya siku yenyewe, nikaandika kwanza "aliposhambuliwa". Nikalifuta. Nikaandika "ugomvi". Nikalifuta. Lile la tatu halikumuudhi mtu yeyote niliyemfikiria, nikaliacha. Maraya sikumfikiria. Hapo umepata unachokitaka.

Sikiliza ninachoweza kufanya. Nitaiandikia ofisi ya elimu barua ya faragha kama shangazi wa mtoto, waiweke katika faili. Nitakuja nyumbani Jumapili ya kwanza ya Juni, nimwombe Maraya radhi jikoni kwa mama yangu, mimi na yeye. Lakini kusimama Bungeni niseme nilisema uongo, mwezi ambao fundi anaanza msingi, siwezi. Hallett ataisimamisha kazi. Wapinzani watainukuu hadi uchaguzi. Watasema, mnaona, hata wao wenyewe huzitunga hizi hadithi zao. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, na wewe ukiwa mkweli unaliogopa pia.

Niache nilimalize hili kifamilia.

Shangazi Verna


Bower Hill,
22 Mei

Kwa Mheshimiwa Verna Tynes, Mbunge, na nakala kwa gazeti la wiki la kaunti hii

Shangazi,

Shikamoo. Wote ni wazima. Barua hii nimemsomea Maraya kabla ya kuitia katika bahasha, sentensi baada ya sentensi, nikamwuliza anakubali au hakubali. Amefuta tatu. Mbili zilikuwa zinanisifu mimi. Ya tatu ilikuwa inakutukana wewe.

Uliniuliza nilimjibu nini mwezi wa Oktoba. Dada yangu alinitumia picha ya kichwa chake chenye pengo, chini yake ameandika, "Kaka, nifanyeje?" Nilikaa siku mbili nikitunga. Nilimtumia aya sita juu ya historia ya nywele zetu tangu enzi za utumwa, zenye tarehe, na orodha ya vitabu vya kusoma. Sikumwuliza kama inauma. Sikumpigia simu. Hakuniandikia tena mpaka Krismasi. Kwa hiyo, nami nilimfanya somo kabla hujamfanya wewe hotuba, na nimemwambia hivyo juzi, mezani, Mama na Baba wakisikia. Alisema, "Zile aya sikuzimaliza, lakini." Baba akacheka, wa kwanza kucheka ndani ya nyumba hii tangu arudi.

Sasa unaona kwamba kosa langu halikuokoi. Mimi nilikosea katika simu ya mtoto, na mbele ya mtoto huyo nimesahihisha. Wewe ulikosea Bungeni.

Faragha unayoitoa siipokei, na Maraya haipokei. Ofisi ya elimu haikumhukumu kwa barua ya faragha. Ilimhukumu kwa maneno ya Bunge. Jikoni kwa Nana hakuna mwandishi wa Kumbukumbu. Radhi itakayotolewa pale itabaki pale, na ule uongo utabaki maktaba, umejaladiwa, ukinukuliwa dhidi yake hadi sekondari na kuendelea.

Hofu yako ya mwisho ninaiheshimu, maana ni yangu pia. Naam, watasema tunatunga. Wanasema hivyo hata tunaponyamaza. Lakini fikiri ni nani aliyewapa mfano. Kwa miaka mia mbili watu wetu wamewasilisha malalamiko ya kweli katika jumba lile, ya ardhi, ya shule, ya mabasi, na kila mara wakaambiwa hakuna ushahidi. Safari hii palikuwa na ushahidi: kiti cha nne, mkasi, basi zima la mashahidi. Aliyeufuta ni mmoja wetu, kwa heshima yetu, katika mwezi wetu. Kama msingi wa shule ya Babu unasimama tu endapo jambo hili halitajwi, basi fundi ameanza kujenga juu ya ubaguzi uleule ulioijaza shule hiyo watoto mwaka 1938, Babu aliposoma humo.

Nilimwuliza Maraya anataka nini hasa. Sikutaka kumwandikia jibu. Alijibu huku akila.

"Sitaki afukuzwe Bungeni," akasema. "Na Brielle sitaki afanywe chochote, nimechoka naye. Nataka Shangazi aseme kwamba nilisimama kwa sababu nilitajwa. Basi. Kwamba kusimama si kukubali."

"Na kama hataki?"

"Basi nitakuwa nimejua."

Kikao cha majira haya kinafungwa Ijumaa ya tarehe 31. Alhamisi ya tarehe 30 wabunge wana nafasi ya kutoa kauli, dakika moja kila mmoja, na jina lako limo katika orodha. Nimepiga simu kuuliza. Mama amebadilishana zamu. Sote wanne, pamoja na Nana na goti lake, tutakuwa katika ukumbi wa wageni kuanzia saa saba mchana. Usimtaje Maraya asimame. Simama wewe, umtazame Spika, useme nani alikata, nani alipiga, na kwa nini. Useme kwamba hakuna maridhiano yaliyofanyika, na kwamba maneno uliyoyasoma ulijua si ya kweli ulipoyaandika. Ukiona nimekosea, simama papo hapo unipinge kwa hoja, nami nitakaa kimya nikusikilize mpaka mwisho.

Ila usiniandikie. Barua yoyote itakayotoka kwako kabla ya Alhamisi nitairudisha bila kuifungua. Jibu ninalolidai ni la hadharani, kwa sauti yako, mahali palepale uliposemea, na liandikwe na mwandishi yuleyule.

Jarvis Tynes